Namna Nilivyoificha Ukerewe

Jumapili, 3 Agosti

Leo ukoo umenichagua kwa kauli moja! Mimi, Venant, ndiye nitakayekaa kiti cha marehemu kaka yangu Antoni kwenye sendofu ya kumuaga binti yake, Kokugonza, kabla ya ndoa. Watu wote wamepiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyeguna.

Nimekunywa chai. Nimerudi nikasoma nilichoandika. Hapana. Haikuwa kauli moja. Kusema kweli haikuwa kauli yoyote. Aliyepiga makofi ni mimi, na mtu mwingine mmoja aliyekuwa anaua mbu.

Ilikuwa hivi. Kikao cha kamati kimefanyika hapa kwangu Igogo, Mwanza, sebuleni. Mwenyekiti ni mpwa wangu Muganyizi, mtoto wa dada Leonsia, mtu wa ofisini, anapenda ajenda. Akauliza nani atakaa kiti cha baba. Nikakohoa, nikanyoosha mgongo. Nani mwingine? Antoni alipofariki Koku alikuwa darasa la tatu. Mimi ndiye niliyempeleka shule kwa baiskeli. Mimi ndiye niliyejifunza kusuka nywele, mtoto akawa anakwenda darasani kama kuku aliyenyeshewa, lakini anakwenda.

Binamu yangu Lwakatare naye akakohoa. Kikohozi chake kizito kuliko changu. Bwana shamba mstaafu, amezoea kusikilizwa hata na migomba. Ametoka Bukoba, amefikia kwangu, analala kwenye kochi langu, halafu ananikoholea sebuleni kwangu!

Akasema kwa upole, Venant tunampenda sisi sote. Lakini siku hizi ukumbini kuna skrini kubwa kama ukuta wa nyumba. Uso wa Venant una historia, akasema, ila skrini haisomi historia. Upande wa mume wanatoka Dar. Tusimwaibishe mtoto mbele ya watu wa Dar.

Historia anayoisema ni doa langu. Shavu la kushoto. Zamani nikikaanga sangara, mafuta yakaniruka, ngozi ikarudi nyeupe. Lina umbo la kisiwa cha Ukerewe, kabisa, na pembeni kuna kidoa kidogo ambacho ni Ukara. Watoto wa mtaani nawaambia mamba alinibusu.

Muganyizi akaamua kama wanavyoamua watu wa ofisini, yaani hakuamua. Mimi na Lwakatare tutakaa mstari wa mbele na wazee wengine, shati moja, kofia moja. Mshereheshaji atamwambia Koku ashuke na keki, amtafute baba yake katikati ya wageni, amlishe. Atakayelishwa ndiye baba. Na huyohuyo ndiye atakayemshika mkono kumwingiza kanisani wiki inayofuata.

Koku atanichagua mimi. Najua. Najua kabisa. Lakini maneno ya Lwakatare yamenikaa kooni kama mwiba wa sato. Je, mtoto akiinua macho kwenye skrini, akaona aibu? Akanilisha kwa kunihurumia? Au akampa yule mwenye mashavu laini, mambo yaishe?

Basi. Ukerewe lazima izame kabla ya Jumamosi.

Jumatatu, 4 Agosti

Lwakatare alipokwenda kuoga, nikaanza kazi. Sikutaka msaada. Kupaka uso ni kitu gani? Wasichana wanaweza, mimi nishindwe?

Kwanza mafuta ya mgando, mengi, kama kila asubuhi. Halafu poda ya mtoto niliyoinunua sokoni kwa kudanganya kwamba nina mjukuu mchanga. Muuzaji akanipongeza. Nikapokea pongezi.

Poda ikanasa kwenye mafuta. Nikajitazama kwenye kioo. Andazi kabla ya kukaangwa! Ukerewe haikuonekana, kweli, ila na mimi sikuonekana.

Nikafikiri. Panahitajika weusi kidogo. Kabatini kuna kahawa ya unga, Lwakatare kaileta kutoka Bukoba kuwapa wakwe wa Koku. Nikachota vijiko viwili, nikachanganya na poda, nikapaka. Rangi ikakubali! Karibu sana na yangu. Nikajipongeza kwa sauti ya chini.

Lwakatare akatoka bafuni. Akasimama. Akavuta hewa. Akauliza nani anachemsha kahawa bila kumwita. Nikasema hakuna kahawa hapa. Akanusa jiko. Akanusa kabati. Akaendelea kunusa, pole pole, kama mbwa wa polisi, mpaka akafika kwenye shavu langu.

Akasema tu, "Bwana Venant, umekolea."

Amecheka mpaka amekaa chini. Nimenawa. Maji yakatoka meusi, nyumba nzima inanukia kahawa kama mkutanoni.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekubali kutafuta msaada. Msaada upo ukuta wa pili tu. Chumba cha mbele nimempangisha Fadhila, binti wa Kiislamu, mpole, anapamba maharusi. Watu wanatoka Mirongo mpaka hapa kumfuata. Nilikuwa nikiwaona wanaingia na nyuso zao na kutoka na nyuso za wengine, nikifikiri ni uchawi mdogo.

Akaniamkia, shikamoo babu. Nikaitikia marahaba, nikaanza kuzunguka mbuyu. Nikamwambia nina rafiki yangu, mzee mmoja hivi, ana doa, anataka lifunikwe lisionekane kwenye video, likae mchana kutwa na jasho juu yake.

Akaniuliza doa la rafiki yangu liko shavu gani.

Nikasema la kushoto.

Akauliza kama rafiki yangu naye jana alikuwa ananukia kahawa.

Nikafunika shavu kwa kiganja. Akavuta pazia, akanikalisha kwenye kiti cha maharusi. Hakucheka! Namshukuru sana kwa hilo. Mdomo ulimcheza tu kidogo upande mmoja.

Basi nikaona kazi. Kwanza kanawisha uso wangu kwa sabuni, kakausha kwa taulo kwa kugusa, si kwa kusugua. Akapaka losheni nyepesi kama maji. Akaniambia tusubiri. Nikauliza tunasubiri nini. Ngozi inywe, akasema. Tukasubiri inywe. Kisha kitu kingine anakiita praima, laini, hakina rangi, hicho ndicho kinachoshikilia vya juu. Tukasubiri tena. Kwenye mambo ya urembo kusubiri ndiyo nusu ya kazi, wanaume hatujui.

Kisha rangi yenyewe, faundesheni. Alichanganya mbili nyuma ya kiganja chake, moja nyeusi zaidi, moja ya udongo. Akasema uso wa mtu si wa rangi moja, paji langu limeungua na jua kuliko mashavu. Sikujua. Nimekaa na uso huu miaka yote.

Akachukua sponji, akailowesha, akaikamua, akaanza kunigonga-gonga. Nikamwambia apake, tumalize. Akasema, "Babu, ukiipaka inatembea. Ukiigonga inakaa." Tabaka jembamba. Kusubiri. Tabaka jingine jembamba juu ya doa. Kusubiri. Poda kidogo. Mwisho akaninyunyizia maji ya chupa usoni, pwiii, nikaruka kama paka.

Akanipa kioo.

Ukerewe imezama! Na Ukara! Ziwa tupu, limetulia, halina hata wimbi. Machozi yakanilenga. Fadhila akanikemea nisilie, haijakauka. Nikamshukuru kwa Kiswahili, kwa Kihaya, na kwa Kisukuma kibaya.

Halafu ndipo akaniharibia siku. Akasema, sharti ni moja. Siku hiyo hakuna mafuta. Wala kabla, wala baada.

Nikadhani ananitania. Hakuna mafuta? Mama yangu hakuturuhusu kuvuka kizingiti bila mafuta. Ukitoka umepauka, watu wanauliza kwenu amekufa nani. Kila asubuhi ya maisha yangu nimeng'aa! Hata siku ya kumzika Antoni niling'aa, kwa heshima yake.

Fadhila akashikilia hapohapo. Ukitia mafuta, akasema, itabanduka yote kwa mara moja, kama utando wa maziwa. Usipotia, hata wakufute na kanga haitoki.

Nikatikisa kichwa kuitikia. Kutikisa kichwa si kukubali.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya majaribio. Fadhila amenipaka mapema kabla wateja wake hawajafika. Akaniambia nizunguke mjini, nitoke jasho, nipigwe na upepo, nirudi jioni aone imekaaje.

Nikapita chumbani kuchukua kofia. Nikajitazama. Laini, ndiyo. Lakini kavu! Nimefanana na chungu ambacho hakijachomwa. Niende mbele za watu hivi? Nikachovya kidole kwenye kopo la mafuta. Kwenye paji kidogo. Puani kidogo. Mashavuni, kwa kuwa nilishaanza. Kopo nikalitia mfukoni, kwa dharura.

Nikapanda kivuko cha Kamanga. Niliwaza hivi: upepo wa ziwani ndio mwalimu, kama rangi itavuka na kurudi salama, ukumbi ni kitu gani?

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Mama mmoja mwenye mikungu ya ndizi akaniambia, "Kaka, sogea kidogo." Kaka! Hakusema babu. Nikasogea. Nikasogea tena bila kuambiwa, labda atarudia.

Tulipofika katikati, vile vijidudu vya ziwani vikapanda. Vile vinavyotoka majini vyote kwa pamoja, ukiviona kwa mbali unadhani kisiwa kinaungua. Watu wakajifunika nguo. Mimi sikujifunika, nilihofia kuharibu rangi. Wingu likatupita.

Likawapita wenzangu. Kwangu lilishuka.

Walitua kwenye mafuta, wakakaa. Nikawafuta kwa kiganja, rangi ikaja nao. Nikafuta upande wa pili, wakahamia. Ukerewe ikatokea nusu, ikiwa imejaa watu. Yule mama akanitazama vizuri, akauchukua tena ule ukaka alionipa. "Babu," akasema, "umebeba abiria wengi kuliko kivuko!"

Kivuko kizima kikacheka. Nahodha naye. Na mimi nikacheka, baada ya muda. Yule mama akalowesha ncha ya kanga yake, akanifuta macho, akanipa na ndizi mbivu. Nimesahau kumuuliza jina. Mungu ampe wateja.

Fadhila alinitoa waliobaki kwa kibano, mmoja mmoja, amebana midomo. Akauliza kama nilitia mafuta. Nikasema la hasha. Kijidudu kikaanguka kutoka kwenye nyusi yangu, kikatua mezani, kikatembea mbele yetu sote wawili.

Amechukua kopo langu. Amelifungia kwenye sanduku lake.

Alhamisi, 7 Agosti

Dada Leonsia amefika na meli ya Bukoba. Ndiye mkubwa wetu. Ametulea mimi na Antoni, amenipiga mimi zaidi ya Antoni. Hakunisalimia. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu huku na huku kama anayechagua papai, akauliza, "Wewe Venant, umepauka hivi, nani kafa?"

Nikasema hakuna aliyekufa. Akatema mate kwenye ncha ya kanga yake, akanifuta paji. Mzee kama mimi! Ndivyo alivyo. Akiona uso wenye jasho, machozi au vumbi, mkono wake unakwenda wenyewe. Kwenye sherehe ndiyo usiseme, anapiga kigelegele mkono mmoja mdomoni, mwingine unafuta watu.

Lwakatare alicheka mpaka akapaliwa. Nafurahi alipaliwa.

Mchana nimemfumania mbele ya kioo. Amevaa shati la sare, kofia ya sare. Anafungua mdomo. Anafunga. Anafungua tena, kwa ustaarabu, kidole kidogo kimenyooka. Anafanya mazoezi ya kulishwa keki! Nikajificha nyuma ya pazia nikamwangalia. Anatafuna hewa vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Meno yake mwenyewe, yote.

Alipotoka nikaingia mimi. Nikafungua mdomo. Wangu unafunguka zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu. Fadhila angeweza kupumzika nyumbani kwa mama yake. Amekuja kwa ajili yangu. Naandika hili ili nisilisahau.

Amenipaka tena, bila mafuta, nikiwa chini ya ulinzi. Akanikalisha mlangoni kwake juani. Jasho likatoka, akaligusa kwa karatasi laini, likaondoka lenyewe, rangi ikabaki. Akanichekesha. Nikala ugali na dagaa. Akachukua kanga safi, akanifuta shavu mbele yangu, akanionyesha. Kanga safi!

Nikamwambia yeye ni malaika. Akasema malaika hawapangi Igogo.

Koku akapiga simu, yupo kwa shoga zake Mirongo, wanamwandaa. Sauti yake ilikuwa imejaa watu. Nikamwambia kesho ataona kitu cha kumshangaza. Akasema, "Baba mdogo, nakuomba. Usinishangaze." Alikumbuka mahafali yake, nilipokwenda na tarumbeta. Kisha akasema ana hofu, watu ni wengi, anaogopa kujikwaa. Akaniomba kitu kimoja tu, nikae mahali atakaponiona.

Nikamwambia nitakaa mbele kabisa. Nikazima simu. Mtoto huyu aliwahi kulala mgongoni kwangu kutoka kanisani mpaka nyumbani, ameshika sikio langu asianguke. Kesho ataniona nikiwa laini. Hataona aibu. Hata Antoni huko aliko atasema, nani yule kijana?

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika upesi, gari la kamati linapiga honi. Fadhila amemaliza. Kazi yake bora kuliko zote. Ametia na spreyi mara ya pili.

Nimejitazama mara ya mwisho. Laini! Lakini jamani, ukavu huu. Mbele ya watu wa Dar. Watasema Wahaya wa Mwanza hawana mafuta.

Kopo langu limefungiwa. La dada Leonsia halikufungiwa.

Kidogo tu. Kwenye paji. Na mashavuni, ili yasione wivu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala kama gogo, nimeamka, nimekula keki iliyobaki. Sasa niandike kwa utaratibu, nisiruke kitu.

Ukumbi ulijaa. Skrini kama alivyosema Lwakatare, kubwa kama ukuta. Mimi mstari wa mbele, Lwakatare kiti cha pili kutoka kwangu, katikati yetu mzee wa kanisa amesinzia. Sote shati moja, kofia moja imeshuka mpaka nyusi. Tungeweza kuwa timu ya mpira ya wastaafu. Nikajiona mara moja kwenye skrini. Sikujijua! Nilidhani ni mgeni kutoka Dar, nikampungia mkono, naye akanipungia.

Taa zikawa nyekundu, zikawa kijani, zikawa buluu. Koku akaingia. Sitaandika alivyopendeza, karatasi haitoshi. Wamembandika kope za bandia nzito kama paa la nyasi, ikawa anatuangalia kwa chini ya paa.

Mshereheshaji akampa sahani ya keki. Akasema, haya, binti, baba yako yumo humu, mtafute. Ngoma ikapigwa.

Koku akashuka. Akaanza upande wa kulia. Nikaona kitu ambacho mimi na hila zangu zote sikukifikiria. Hakuwa anatazama macho ya watu. Hakuwa anatazama kofia. Alikuwa anatazama mashavu ya kushoto.

Akafika kwangu. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua, kwa ustaarabu, kidole kidogo kimenyooka. Akatazama shavu langu.

Akasema, "Shikamoo."

Shikamoo! Kama unavyomwambia mzee wa watu! Akapita.

Sikuweza kuufunga mdomo. Akampita anayesinzia, akafika kwa Lwakatare. Lwakatare akafungua mdomo vizuri kabisa. Meno yote. Koku akasimama hapo. Akainua kijiko. Akakishusha. Mshereheshaji anapiga kelele, jamani baba amepotea, nani amemwona baba? Watu wanacheka. Kwenye skrini uso wa Koku mkubwa kama ukuta, na mdomo unamtetemeka. Aliniomba nikae mahali atakaponiona. Nilikaa. Nikajificha hapohapo.

Nilitaka kuita. Sauti haikutoka. Yakatoka machozi, na jasho, vyote kwa pamoja.

Dada Leonsia alikuwa nyuma yangu. Aliona uso uliolowa, basi. Mkono mmoja mdomoni na kigelegele, mwingine ukanishika kichwa, kanga ikashuka kutoka paji mpaka kidevu. Mara moja tu.

Ikabanduka yote upande huo. Kama utando wa maziwa. Fadhila alisema. Kanga ya dada ni nyeupe yenye maua mekundu, sasa ina pia nusu ya uso wangu, nyusi ikiwemo.

Mpiga video, Mungu ambariki kwa kutokuwa na adabu, akaivuta kamera. Skrini nzima ikajaa Ukerewe. Na Ukara pembeni. Ukumbi ukafanya aaah. Watu wa Dar wakasimama kuona vizuri.

Koku aliiona kwenye skrini kwanza. Akageuka. Akakimbia na viatu vile virefu, hakujikwaa hata kidogo. "Baba mdogo! Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa hapa.

Akanilisha keki, kipande kikubwa kuliko mdomo, na mdomo wangu si mdogo. Akachukua kanga kwa dada, akanifuta na ule upande wa pili, yeye mwenyewe, taratibu, kope zikimdondoka kwa machozi. Akaweka kidole juu ya doa. Mshereheshaji akampa maiki, naye akasema, "Hiki ndicho nilichokuwa natafuta." Hakusema kingine. Hakikuhitajika.

Aliyesimama wa kwanza kupiga makofi ni Lwakatare. Nimeandika kweli, naweza kuapa. Alifunga mdomo wake uliokuwa haujapata kitu, akasimama, akapiga makofi mpaka kofia ikamwanguka. Halafu akafoka kwamba mzee apewe maji, keki imemkwama. Ilikuwa imenikwama kweli. Baadaye tukakaa pamoja tukila, akaninong'oneza kwamba skrini imejua kusoma. Nikampa paja la kuku wangu. Si rahisi kwangu kutoa paja.

Namshukuru Koku. Namshukuru dada na mkono wake. Namshukuru mpiga video. Antoni, nimekaa kiti chako. Kilikuwa kigumu, kilihitaji mto.

Jumanne, 12 Agosti

Fadhila amekuja kuona kanga. Dada amekataa kuifua, anasema ataifunga kwenye fremu. Fadhila akaishika, akainusa. Akakunja mikono. Akasema, "Babu. Mafuta."

Sikukana. Kwa nini nikane ushindi? Nikamweleza kwa utaratibu, maana vijana wanahitaji kuelezwa. Ningemtii, rangi isingetoka. Isingetoka, Koku asingeniona. Asingeniona, sasa hivi Lwakatare angekuwa anatafuta suti ya kanisani. Nani kaniokoa? Mafuta! Kosa langu lilikuwa moja tu, nilitia kidogo.

Fadhila akaikunja kanga, akaiweka mezani. Akasema kama nisingelificha doa tangu mwanzo, mtoto angeniona tangu mlangoni. Nikamwambia hayo ni mawazo ya mbali sana.

Video imeletwa. Nimeiangalia. Kuna pale mwanzoni, kabla ya kanga, mtu mmoja laini, mtulivu, anapunga mkono. Nimeirudisha pale tena na tena mpaka dada amezima umeme ukutani. Koku amesema Jumamosi niende kanisani na uso wangu. Nitakwenda nao. Utakuwa chini ya rangi.

Lwakatare naye, akiwa anafunga viatu, ameuliza kama mtu asiye na shida kwamba hivi Fadhila anaondoa na vifuko vya chini ya macho. Nimemwambia amejaa wateja mpaka Krismasi.

Na ni kweli karibu amejaa. Pale ukumbini wamama wa Dar na wa hapa walinizunguka kuuliza aliyenipaka ni nani, wote nimewapa jina lake, nikawaelekeza mpaka rangi ya mlango. Tangu jana benchi lake halina nafasi. Kwa hiyo, Fadhila mjukuu wangu, nina haki kidogo kwako, naandika hapa kwanza ili kesho nisikosee nikikuambia. Jumamosi asubuhi, kabla ya misa, nigonge-gonge tena, nyembamba, kama unavyojua wewe. Ukimaliza, naomba kitu kimoja tu. Fungua lile sanduku lenye kopo langu, halafu geukia ukutani kidogo, mpaka nikuite.